Comrades: mbio za Durban zilizoanzia kwenye njia zetu

Nimekuwa kimya kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo nina mapumziko, uji uko jikoni, basi niandike jambo ambalo limekaa kichwani mwangu muda mrefu. Ni habari ya mbio. Sizungumzii mita mia moja ambazo ukipiga chafya zimekwisha. Nazungumzia mbio za karibu kilomita 90, kutoka Durban, mji wa pwani wa Afrika Kusini, kupanda vilima hadi Pietermaritzburg, na mwaka mwingine kuteremka kutoka huko hadi baharini. Zinaitwa Comrades, yaani wenzi wa vitani. Chimbuko lake liko katika ardhi inayoitwa Tanzania leo, na wengi wetu tumekua bila kuambiwa.

Kwa wale wasio na mazoea ya mambo haya: marathoni ya kawaida ni kilomita 42 na kidogo. Comrades ni zaidi ya marathoni mbili zilizounganishwa. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80; ongeza nyingine karibu kumi, halafu weka vilima vitano vikubwa katikati. Majina yake wakimbiaji wanayajua kama tunavyojua vituo vya daladala: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts. Sehemu ya juu kabisa ya barabara iko zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda, mapafu yanalia. Ukiteremka, utadhani ni nafuu, lakini misuli ya mapaja inaumia vibaya kwa kuzuia mwili usidondoke. Wodini kwetu kuna muuguzi mwenzangu wa KwaZulu-Natal aliyewahi kuzikimbia. Anasema aliyoteremka ndiyo iliyomfanya ashuke ngazi kinyumenyume kwa siku nne. Medali yake ni ndogo, kama sarafu tu. Ameiweka kwenye pochi, haiachi.

Sasa twende kwenye historia.

Alikuwepo mtu anaitwa Vic Clapham, mzaliwa wa London aliyehamia Afrika Kusini na kuwa dereva wa treni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaingia Kikosi cha 8 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini, akaletwa kwetu, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, kumfukuza Paul von Lettow-Vorbeck. Masimulizi ya mbio zenyewe yanasema alitembea kama kilomita 2,700 katika vita hivyo.

Mwaka 1916 ndio uliokuwa mkali. Tarehe 12 Februari askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wakapigwa wakarudi nyuma. Mwezi wa tatu wakaingia Moshi. Kundi moja likapelekwa Kondoa wakati wa masika, kwenye tope, farasi wakifa njiani kwa ugonjwa wa ndorobo. Jeshi kubwa chini ya Jan Smuts likateremka bonde la mto Pangani, likapita Mombo, Korogwe, Handeni, likafika Morogoro mwezi wa nane. Dar es Salaam ikachukuliwa tarehe 4 Septemba. Lakini Lettow-Vorbeck hakukamatwa. Alizunguka hadi Msumbiji, akarudi, akasalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Wenzake Ulaya walikuwa wamekwisha acha kupigana wiki mbili kabla.

Askari wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria na kuhara damu. Mimi kama muuguzi nikisoma habari za vita vile naona wodi moja ndefu isiyo na vitanda, kuanzia Kilimanjaro hadi Ruvuma. Kufikia mwanzo wa 1917 maelfu ya Waafrika Kusini weupe walirudishwa kwao wakiwa mifupa mitupu.

Clapham aliporudi alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe. Hakutaka sanamu. Alitaka kumbukumbu ambayo mtu anaiona kwa mwili wake mwenyewe, kwa uchovu, kiu na miguu inayouma, kama wao walivyoumia. Huku Uingereza watu walikuwa wamekwisha zoea kutembea kwa mashindano kutoka London hadi mji wa pwani wa Brighton. Mwaka 1903 wafanyakazi wa soko la hisa la London walifanya matembezi hayo, umbali wa zaidi ya kilomita 80. Clapham akaona: kama watu wa ofisini wanaweza kutembea mpaka baharini, askari waliovuka Afrika Mashariki watashindwaje kukimbia kati ya Pietermaritzburg na Durban?

Aliomba ruhusa kwa chama cha maveterani mwaka 1919. Akakataliwa. Akaomba 1920. Akakataliwa tena, wakimwambia ni kuwatesa watu. Mwaka 1921 wakakubali na kumkopesha pauni 1 ya gharama. Pauni moja tu wadau! Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 wakaondoka mbele ya ukumbi wa jiji wa Pietermaritzburg. Barabara nyingi ilikuwa ya vumbi. Waliofika Durban ni 16. Wa kwanza alikuwa Bill Rowan, masaa 8 na dakika 59.

Mwaka uliofuata wakapanda badala ya kuteremka, akashinda mkulima Arthur Newton, aliyekuwa na umri wa miaka 39 na ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Akashinda mara tano. Mwaka 1924 alikuja Uingereza akakimbia London hadi Brighton chini ya masaa sita. Tangu hapo barabara hizi mbili za kwenda pwani zikawa kama ndugu. Wally Hayward alishinda Comrades 1953, akaja Uingereza, akashinda na London–Brighton mwaka huohuo. Mbio za London–Brighton zilizoanza miaka ya 1950 zilisimama 2005. Magari yalikuwa mengi mno. Za Durban zinaendelea.

Na Hayward huyo ana kisa. Mwaka 1989, akiwa na miaka 80, alikimbia Comrades nzima na kumaliza zikiwa zimebaki kama dakika mbili mlango ufungwe. Nasema mlango kwa sababu sheria ya mwisho wa mbio hizi ni kali sana. Zamani ilikuwa masaa 11, tangu 2003 ni masaa 12. Muda ukitimia, mtu husimama kwenye mstari akiwapa mgongo wakimbiaji, asione nani anakuja, na kupiga bastola. Ukivuka sekunde moja kabla, una medali. Sekunde moja baada, huna kitu, na jina lako haliandikwi kati ya waliomaliza. Ndiyo maana utaona watu wasiofahamiana wanambeba mtu begani mita za mwisho.

Hapa sasa ndipo nilipotaka tufike. Mbio zinaitwa Wenzi. Je, mwenzi ni nani? Nani anahesabiwa?

Mwaka 1923 Frances Hayward aliomba kuingia. Akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akakimbia hivyohivyo, masaa 11 na dakika 35. Wakimbiaji na watazamaji walichanga wakampa zawadi ya vyombo vya fedha vya chai, lakini kitabuni hayumo. Mwaka 1935 Robert Mtshali akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kujulikana kukimbia njia yote. Masaa 9 na dakika 30. Naye hakuandikwa. Mbio zilikuwa za wanaume weupe peke yao. Kwa miongo kadhaa watu weusi na wanawake walikimbia bila namba kifuani, wakimaliza na kuondoka zao kimya kimya.

Ilichukua hadi 1975, mbio za 50, kuwafungulia rasmi. Mwaka huo Vincent Rakabaele wa Lesotho alikuwa wa 20 na kupata medali yake, na mwalimu Elizabeth Cavanagh akaongoza wanawake. Mwaka uliofuata, 1976, Rakabaele akashinda Two Oceans kule Cape Town, mbio za kilomita 56 zinazopita kati ya Bahari ya Hindi na Atlantiki, zilizoanza 1970 na wakimbiaji 26 kama mazoezi ya Comrades. Kumbukeni 1976 ni mwaka wa Soweto. Watoto wa shule wanapigwa risasi, na mwaka huohuo mtu mweusi anakuwa wa kwanza kuvuka mstari Cape Town.

Mwaka 1981 waandaaji waliunganisha Comrades na sherehe za miaka 20 ya jamhuri ya makaburu. Bruce Fordyce, mwanafunzi mweupe, na wenzake wachache wakafunga kitambaa cheusi mkononi kupinga. Walirushiwa nyanya. Akashinda. Halafu akazidi kushinda, mara tisa jumla. Mweusi wa kwanza kushinda alikuwa Sam Tshabalala, 1989, mwaka uleule ambao mzee Hayward wa miaka 80 alimaliza akihesabiwa sekunde. Mandela alikuwa bado gerezani. Siku hizi Tete Dijana, mtu aliyefanya kazi ya ulinzi, ameshinda 2022, 2023 na 2025, na mwaka 2023 aliteremka hadi Durban kwa masaa 5, dakika 13 na sekunde 58, haraka kuliko mtu yeyote kabla yake. Wanaofanya kazi ya ulinzi huku ughaibuni, mmesikia hiyo?

Na Mtshali? Mwaka 2019 wakaanzisha medali yenye jina lake, kwa wanaomaliza kati ya masaa 9 na 10. Miaka 84 baadaye. Unaweza kusema ni kuchelewa, na ni kweli. Lakini leo kila mwaka mamia ya watu wanaondoka Durban au Pietermaritzburg na jina lake shingoni, na kila mmoja nyumbani ataulizwa, "Mtshali ndiye nani?"

Basi nikafikiria kwetu.

Wale askari aliotaka kuwakumbuka Clapham hawakutembea peke yao. Mbele na nyuma yao walikuwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 25 kichwani. Waingereza peke yao, katika vita vile vya Afrika Mashariki, walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni 1, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe, Nyasaland, Rhodesia, Kongo na hata Afrika Magharibi. Waliokufa, kwa hesabu za serikali yao wenyewe, wanazidi 95,000. Wengine wengi walibeba upande wa Mjerumani, na wao hata hesabu ya namna hiyo hawakupata. Jeshi la wapagazi wa Waingereza liliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka kwa kinywa cha Kiswahili, unapata Kariakoo. Kambi yao Dar ilikuwa pale pale tunaponunulia viatu na vipuri. Nairobi pia wana Kariokor yao.

Nikitazama kwa jicho la kazi yangu, vifo vile vingi vilikuwa vya chakula na maji. Watu waliozoea ndizi au mchele walipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, wakaharisha, wakaendelea kubeba. Mtu anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Leo tungempa maji yenye chumvi na sukari, na kama amelegea sana, dripu. Wao walipewa mzigo.

Na hapa Comrades ilifundisha dunia kitu kingine cha chumvi na maji. Miaka ya 1980 wakimbiaji walikuwa wanaambiwa wanywe kadiri wawezavyo. Mwaka 1985 daktari Tim Noakes wa Cape Town na wenzake walichapisha habari za wanariadha wanne wa mbio ndefu walioanguka kwa sababu ya kunywa MAJI MENGI MNO. Chumvi kwenye damu ilikuwa imezimuliwa, ubongo unavimba. Mmoja wao alikuwa amekimbia Comrades ya 1981. Tukipokea mtu aliyechanganyikiwa baada ya mbio, tunapima sodiamu kabla ya kumfungulia dripu kwa pupa. Kwa hiyo mnaojiandaa na mbio ndefu, kunyweni mkisikia kiu, msishindane na chupa.

Turudi kwa wapagazi. Kwa upande wa bibi yangu sisi ni watu wa Handeni. Kuna baba wa babu ambaye kwenye familia anatajwa kwa sentensi moja tu: "Alichukuliwa kubeba mizigo ya Mwingereza, hakurudi." Kaburi hakuna. Karatasi hakuna. Hata kwamba alifia Morogoro au Rufiji hatujui. Na najua wengi mnaosoma hapa, mkiuliza kwa wazee wenu, mtapata sentensi kama hiyo. Kule Ugogo mavuno, ng'ombe na vijana vilichukuliwa na majeshi ya pande zote mbili mpaka ikaja njaa waliyoiita Mtunya.

Tuna sanamu ya Askari pale Dar, tangu 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, na ile ya Nairobi ina mpagazi kabisa amesimama. Lakini hakuna jina hata moja. Mwezi wa nne 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema waliokufa wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ule ulikuwa mwaka ambao Comrades ilipaswa kusherehekea miaka 100 tangu ianze. Mbio hazikufanyika kwa sababu ya korona.

Jambo jema ni kwamba kuhesabu kumeanza. Januari 2025, kule Cape Town, kulifunguliwa mnara wa watu weusi wa Afrika Kusini waliokufa wakifanya kazi za jeshi barani Afrika katika vita vile, nguzo za mti wa mvule, kila nguzo na jina la mtu. Majina yamezidi 1,700. Wengine wao walikufa kwetu huku. Yalipatikana kwa sababu kuna watu walikaa wakafukua makaratasi ya zamani. Kama ya kwao yamepatikana baada ya miaka zaidi ya mia, yetu yatashindikana vipi?

Sisemi tuanzishe mbio kesho, ingawa barabara ya Tanga hadi Korogwe ipo, na ina urefu unaokaribia ule wa Comrades, na ukitoka baharini unapanda. Mwenye uwezo wa kuandaa alichukue wazo hilo bure. Ninaloomba ni dogo zaidi. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, baada ya kuulizana hali na kutuma zile hela za shule, muulize mzee aliyepo: nani katika ukoo wetu alichukuliwa kubeba? Jina lake nani, mtoto wa nani, alitokea kijiji gani? Liandike. Usiseme utalikumbuka. Clapham alikataliwa mara mbili, akarudi mara ya tatu, na majina ya wenzake yana barabara nzima. Wazee wetu waliotembea njia ileile wanaanza na karatasi moja.

Mimi nimeshampigia mama mdogo. Amesema jina analo shangazi yake, Handeni, mwenye miaka tisini na kitu. Jumapili tutampigia pamoja.

Alamsiki wadau.